Chura wa Kihansi: kwa nini alitoweka ilhali mto haukukauka

Ndugu, umeuliza inakuwaje chura wa Kihansi atoweke porini ilhali mto haukukauka. Chura huyu hakutegemea mto wenyewe, bali rasharasha za maporomoko yake. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, akiishi kwenye takribani hekta 2 tu. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, na majani yaliyokuwa yakilowana usiku na mchana yakakauka. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, vyura wakaongezeka, lakini mwaka 2003 walipungua ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ukabainika miongoni mwao.

Ni kiumbe wa ajabu kweli: rangi yake ni ya manjano ya dhahabu, hafikii urefu wa kidole gumba, na hatagi mayai majini bali huzaa vichanga vilivyokamilika, vidogo kama punje ya mchele. Kwa bahati njema, vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000, na vizazi vyao vilianza kurudishwa korongoni mwaka 2012.