Kidole cha mguu kinaweza kuwa gumba la mkono?

SWALI: Jambo sana, Mama Muuguzi. Mimi ni seremala wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwaka jana msumeno wa umeme ulinikata dole gumba la mkono wa kuume, karibu na shina. Nyundo siishiki vizuri, na tonge la bukari, yaani ugali, linaniponyoka. Nasikia kidole cha mguu kinaweza kuhamishiwa mkononi. Ni kweli? Shangazi anasema nitabaki kiwete.

JIBU: Pole sana, mwanangu. Nilipofika kwenye bukari niliangalia mkono wangu: vidole vinne vinafinyanga, lakini gumba ndilo linalotoboa tonge ili lichote mchuzi.

Ni kweli kabisa. Shanghai walihamisha kidole cha pili cha mguu mwaka 1966, na mwaka 1968 Daktari John Cobbett wa Uingereza akahamisha gumba la mguu. Mfupa hufungwa kwa mfupa, kano kwa kano, kisha chini ya hadubini hushonwa neva na mishipa ya damu yenye upana wa milimita 1 au 2, kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Mimi naogopa usiku wa kwanza. Niliwahi kukesha na mgonjwa wa namna hiyo. Kila saa nabonyeza ukucha, unakuwa mweupe, nangoja damu irudi. Ikichelewa, au kidole kikipoa, daktari anaamshwa palepale, maana pengine damu imeganda mshipani na mgonjwa arudishwe mezani. Kama unavuta sigara, acha sasa. Inabana mishipa hiyohiyo.

Mwambie shangazi utatembea. Ila gumba la mguu ndilo linalosukuma hatua, na wewe unabeba mbao. Kidole cha pili mguu haukililii sana, ingawa mkononi kitaonekana chembamba. Mimi ningekuwa wewe ningeanza kuulizia hicho.

Neva hukua kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo miezi itapita kabla hujahisi moto au baridi. Yule mgonjwa wangu alifanya mazoezi ya kuokota punje za mahindi kwenye sinia, moja moja, huku jasho linamtoka. Nilimwona akifunga kifungo cha shati mwenyewe, mkewe alilia.

Ukienda kwa daktari, beba picha ya radiyo (eksirei) ya mkono, umuulize ameshafanya upasuaji huu mara ngapi. Nami uniandikie tena: kile kiungo cha shina bado kinakunja?