Hao wapiga ngoma uliowaandika, umewahi kukaa nao?

Wiki iliyopita nilisoma maandiko matatu ya kuomba ruzuku ya vijana wetu usiku mmoja, maana wito wa mfadhili ulikuwa unafungwa kesho yake. Lugha nzuri, viashiria vimepangika, bajeti inajumlika. Nikampigia simu mmoja wao: hawa wapiga ngoma arobaini wa Mkuranga walio ukurasa wa tatu, kiongozi wao anaitwa nani? Kimya. Kisha akasema, "Kaka, hao tutawatafuta fedha zikishatoka."

Sikulala vizuri. Nawapenda vijana hawa. Wanakesha, wanabishana juu ya neno moja mpaka alfajiri, na wanajua kompyuta kuliko mimi. Lakini shimo hilo nimewahi kuingia, na nalijua kina chake. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wadogo zangu mlioingia kwenye asasi za sanaa na utamaduni juzijuzi.

1. Mtu kwanza, andiko baadaye.

Mwaka 2014 nilikuwa na miaka miwili katika kazi hii. Ukatoka wito wa ruzuku za kuhifadhi urithi usioshikika, yaani nyimbo, ngoma na mila, zimebaki siku tisa. Nilikuwa nimetoka kwenye harusi Kisarawe, nikawasikia akina mama wa Kizaramo wakiimba uani, mimi nipo barazani na wanaume wenzangu. Nilichokuwa nacho ni hicho tu. Nikakaa nikaandika mradi mzima wa kurekodi nyimbo za unyago, yaani mafunzo ya siri ya wasichana: nyimbo 60, makungwi 12 wanaowafundisha, onyesho la jukwaani mwishoni. Jina la kungwi mkuu nilipewa kwa simu na ndugu wa bwana harusi. Barua ya ushirikiano akaisaini mwenyekiti wa kitongoji, mwanamume, kwa niaba ya wanawake ambao hakuwauliza.

Tukapata. Shilingi milioni 38, awamu ya kwanza asilimia 60. Tukanunua kamera, tukalipa pango la ofisi, ndipo tukapanda gari kwenda kijijini, mkataba mkononi.

Tulimkuta bibi, yule kungwi mkuu, anachambua choroko. Tukamwamkia, akaitikia, akatupa vigoda na uji. Nikamsomea mradi kuanzia mwanzo hadi mwisho, naye hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akaniuliza, "Mjukuu wangu, mama yako alichezwa?" Nikasema ndiyo. "Alikwambia walichomfundisha ndani?" Nikasema hapana. "Basi na mimi sikwambii." Akarudi kwenye choroko zake.

Siku ile ile nilitakiwa kurudi mjini nimwandikie mfadhili barua ya ukurasa mmoja: tumekosea, wenyewe wamekataa, tunaomba tubadilishe shughuli. Barua za namna hiyo wafadhili wanazipokea kila mara, mkataba unarekebishwa, kazi inaendelea. Mhasibu wetu aliniambia hivyo hivyo tukiwa bado ndani ya gari. Sikuandika. Niliogopa kuonekana sijui kazi, nikanyamaza miezi minne, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo barua ilivyozidi kuwa ngumu kuandika.

Halafu nikafanya baya zaidi. Nikatafuta kikundi cha mjini kinachoimba kwenye kicheni pati, nikakilipa, nikakirekodi, nikaandika kwenye ripoti kwamba hizo ndizo nyimbo za unyago za kijiji kile. Akina mama wa kikundi kile hawakuwa na kosa. Waliambiwa waimbe, wakaimba. Kosa lilikuwa langu, na nililiwekea saini.

Afisa miradi wa mfadhili alikuwa dada wa Pwani. Alitazama dakika chache tu za video, akanipigia. "Kaka, hizi nyimbo nazisikia kila Jumamosi mjini. Unyago wenyewe uko wapi?" Nilifungua mdomo, neno halikutoka.

Matumizi ya shughuli ile yote yakakataliwa. Tulirudisha zaidi ya milioni 14 kwa mafungu, miezi 19. Kamera tuliiuza. Wenzangu wawili walikosa mishahara wakaondoka, mmoja ana mtoto mchanga, na huyo ndiye yule mhasibu. Nikikutana naye leo tunasalimiana vizuri, lakini mimi ndiye ninayeinamisha macho.

Hata hivyo fedha si ndizo zilizoniumiza kuliko yote. Kwenye ripoti niliandika jina la bibi kama mwimbaji mkuu. Habari ikafika kijijini, wanawake wenzake wakamuuliza kama ameuza unyago kwa wanaume wa mjini. Mwanamke aliyelinda jambo lile maisha yake yote, mimi nikamchafua kwa mstari mmoja wa jedwali. Nilikwenda kumwomba radhi pamoja na mzee wa kwetu, maana neno kama lile huendi peke yako. Alitupokea. Hakusema amesamehe, alisema tule.

Nikaendelea kwenda bila mradi wowote. Mwaka wa tatu akanionyesha ngoma zimepangwa ukutani, nyingine zimepasuka, nyingine hazina ngozi kabisa. "Vijana wanataka mdundiko, ngoma yetu Wazaramo," akasema, "tuwape nini wapige?" Tukaandika ombi dogo la ngozi, la fundi wa kuwamba, na la posho ya wazee wawili wa kuwafundisha vijana. Kurasa nne, shilingi milioni 4. Alisomewa kila mstari kabla halijaondoka, akafuta mmoja. Mradi huo ndio ninaouonea fahari kuliko yote niliyowahi kusimamia.

2. Stakabadhi. Mfadhili anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na mzee anayewamba ngoma hana mashine wala TIN, namba ya mlipakodi. Msimtungie risiti. Andaeni fomu ya malipo yenye jina, kazi, kiasi, saini au dole gumba na shahidi, na mkubaliane na mfadhili kabla ya kusaini mkataba kwamba fomu hiyo itapokelewa. Masurufu, yaani fedha mlizopewa mkononi kwa kazi, yatolewe hesabu wiki ile ile, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

3. Tarehe ya mwisho haiko pale mnapodhani. Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni wa UNESCO, unaotoa hadi dola 100,000, hupitisha kwanza maombi kwa Tume ya Taifa ya UNESCO ya kila nchi, na Tume ina tarehe yake inayotangulia ile ya Paris, yaliko makao makuu ya UNESCO. Nimeona kundi zuri sana la wachoraji likimaliza andiko siku mbili kabla ya tarehe ya Paris, limeshachelewa siku nyingi. Walilia, na mimi nilikaa nao hadi jioni.

4. Msimtegemee mfadhili mmoja, hata akiwa mwema. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kujaza Ngome Kongwe ya Zanzibar watu wa mataifa yote, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha hazikutosha. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, huko huko Zanzibar, mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba kinaweza kufungwa baada ya ufadhili kukauka. Hao ni watu wenye jina, hesabu na wanafunzi wanaoonekana. Sisi tunaopanga chumba kimoja Temeke tujiulize tungesimama siku ngapi. Ada ndogo ya mafunzo, kukodisha spika, kutumbuiza harusini: hayo nayo ni mapato, na ndiyo yatakayolipa umeme katikati ya ruzuku mbili.

5. Mengine kwa haraka. Kila mradi na akaunti yake. Kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma ikatwe siku ya malipo, msingoje mkaguzi. Cheti cha usajili wa asasi kina miaka 10, lakini ripoti kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ni ya kila mwaka. Gharama za uendeshaji ziandikeni wazi, kwa sababu pango na mshahara wa mlinzi si aibu. Na msiandike "vijana 5,000" kama ukumbi wenu unachukua 80.

Sasa wewe wa Mkuranga. Andiko lako nimelizuia, na najua umeniudhikia. Wito umepita, ndiyo, mwingine utatoka. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, nimeiacha kwa mhasibu. Mchukue na dada mmoja wa ofisini, na mbebe sukari kilo mbili. Kompyuta iacheni ofisini.