Mpite au mpishe? Maneno ya kupitana kwenye mbio za NASCAR

SWALI: Mimi na wenzangu tunaishi Columbus, Ohio, na jioni tunashindana kwenye iRacing, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari kupitia intaneti, kwa magari ya NASCAR, zile mbio za Marekani. Kwenye hedifoni tunaongea Kiswahili. Juzi mwangalizi wa mwenzetu, yaani anayemwelekeza dereva kwa sauti, alimwambia "mpishe", mwenzetu akasikia "mpite", akajitupa ndani ya kona na magari manne yakaishia ukutani. Tangu hapo tunabishana. Kupita, kupisha, kupitana na kupishana vinatofautianaje? Na je, "haki ya njia" ni Kiswahili?

JIBU: Maneno hayo mawili yamezaliwa tumbo moja, ndiyo maana sikio lilichanganya. Pita ndicho kitenzi chenyewe. Pisha ni pita iliyonyambuliwa kwa njia ya zamani ya kusababisha, ambapo t ya mwisho hugeuka kuwa sh. Ni njia ileile iliyoitoa pasha kwenye pata, kama tunavyosema kupasha habari. Kwa hiyo kumpisha mtu ni kumfanya apite: wewe unasogea, yeye anakwenda. Anayeambiwa mpite anakanyaga mafuta, anayeambiwa mpishe anaachia. Sauti moja katikati ya neno, na kazi mbili zinazopingana kabisa, tena kwa mtu anayekimbia zaidi ya kilomita 250 kwa saa.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni wa usalama: mwangalizi asitumie amri hizi mbili zikiwa uchi. Aongeze neno la mahali. "Pitia chini" haiwezi kusikika kama "kaa juu, mpishe." Ukitanguliza mahali, kitenzi kikimezwa na kelele za injini, dereva bado atajua aende wapi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini cha ubishi wenu. Vinyambuo vya pita vinasema pia wajibu ni wa nani. Katika "Juma amempita Ali", mtendaji ni Juma na mzigo wote ni wake. Ali amepitwa, hakufanya kitu. Kanuni za iRacing zinakwenda hivyohivyo: anayetaka kupita ndiye mwenye jukumu la kupita salama, na anayepitwa anatakiwa kushika mstari wake bila kuyumbayumba na bila kumzibia mwenzake kila anapojaribu. Lakini ukisema "Ali amempisha Juma", Ali amegeuka kuwa mtendaji. Ameachia mafuta, amesogea, ametoa alichokuwa nacho. Huo ni uungwana. Ukimlaumu dereva wa mbele kwamba "hakunipisha", unamdai zawadi kana kwamba ni deni.

Bendera ya buluu inaonyesha jambo hili vizuri. Katika Formula 1 bendera hiyo ni amri: aliyezidiwa mzunguko ampishe anayekuja, la sivyo anaadhibiwa. Katika NASCAR bendera ya buluu yenye mstari wa njano wa mshazari ni taarifa tu kwamba wenye kasi wanakaribia. Anayeoneshwa anaruhusiwa kuendelea kupigania nafasi yake, hata kama amebaki nyuma mizunguko mitatu. Kwa hiyo anayeongea na dereva wa Formula 1 redioni yuko sahihi akisema "mpishe!" kwa sauti ya amri. Mwangalizi wa NASCAR aseme "viongozi wanakuja nyuma yako", kisha amwachie dereva uamuzi. Mimi ningekuwa na gari bovu, nisingewasumbua viongozi mizunguko ya mwisho. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na ushauri huo una mahali pake hapa, ilimradi tukumbuke kwamba ni ushauri.

Kuhusu "haki ya njia": inaeleweka, lakini ni tafsiri ya neno kwa neno, na inawaponza. Neno haki linamfanya mtu aamini kuna kitu chake tayari, kimeandikwa jina lake. Barabarani kwetu madereva na trafiki husema kipaumbele, na hilo linatosha kwenye makutano ambako sheria imepanga nani aanze. Kwenye mbio hakuna makutano. Kuna nafasi, na nafasi hupatikana. Ukiwa umeingiza gari lako ubavuni mwa mwenzako kabla ya kona, mmekuwa sambamba, naye anapaswa kukuachia upana wa gari moja. Ukiwa bado mkiani mwake alipoanza kukata kona, huna nafasi, hata kama una kasi kumzidi. Ndiyo maana ningependa mseme "alikuwa na nafasi" au "hakuwa na nafasi" badala ya "alikuwa na haki". Sentensi ya kwanza inaweza kuhakikiwa kwa kuangalia marudio ya picha. Ya pili inaanzisha kesi.

Na kesi hiyo haina hakimu wa papo hapo. Magari mawili yakigongana kwa nguvu kwenye lami, iRacing inawaandikia madereva wote wawili alama nne za makosa, bila kuuliza nani kaanza. Zaidi ya hayo, gari unaloliona kwenye skrini ni makadirio ya kompyuta, maana taarifa zake zinachelewa kidogo kufika kupitia intaneti. Wewe unaona mmepishana kwa unywele, mwenzako anaona umemgonga, na kila mmoja anasema kweli. Acheni pengo kubwa kuliko macho yanavyowaambia.

Hapo nimetumia mmepishana kwa mazoea tu, na hiyo ndiyo sehemu ya swali lenu iliyobaki. Kupishana ni kila mmoja kumpisha mwenzake. Hutumika zaidi kwa wanaotoka pande tofauti: mabasi mawili yanapishana darajani, watu wanapishana mlangoni. Kutoka hapo tukapata kupishana kauli, maneno ya huyu na ya yule yanapokwenda njia mbalimbali. Kupitana kunafaa kwa wanaoelekea upande mmoja, mara huyu mbele, mara yule. Pale Daytona, kiwanja cha NASCAR chenye duara la maili 2.5, magari hukimbia yameshonana kwa sababu la mbele linalikatia upepo la nyuma, na viongozi hubadilishana nafasi mzunguko hadi mzunguko. Huko ni kupitana. Magari yakianza kupishana Daytona, ujue kuna mmoja kageuka na anaelekea walikotoka wenzake.

Vinyambuo vingine viwili vitawafaa. Pitia hutaja njia: "alinipitia nje." Pitiliza ni kuvuka kipimo, na ndilo neno halisi la dereva aliyechelewa kushika breki akakosa kona: "alipitiliza, akanibeba." Msiseme "alikosea breki" wakati lugha ina neno moja lililokamilika.

Ndani na nje, au chini na juu? Yote ni sawa, maana viwanja hivi vimeinuka pembeni. Kona za Daytona zina mwinamo wa nyuzi 31, kwa hiyo aliye ndani kweli yuko chini. Tatizo ni kushoto na kulia. Aliyejifunza kuendesha Dar es Salaam au Mombasa amezoea kwamba kupita ni kulia. Viwanja vya duara vya NASCAR huzungukwa kwa mkono wa kushoto, na ndani ni kushoto. Chagueni jozi moja muishike. Mimi ningechukua chini na juu, kwa kuwa hayafanani hata herufi moja ya mwanzo. Kisha mwangalizi awe na maneno mengine mawili tu: "bado", yaani yupo ubavuni mwako usisogee, na "pako wazi". Neno bado katika kazi hii ni tamu sana. Ni fupi, na mtu hawezi kulisikia kama ruhusa.

Martinsville inahitaji msamiati wake. Ni kiwanja kifupi cha NASCAR, maili 0.526, kona zake karibu ni tambarare na kupita ni kugumu, hivyo madereva wa kweli humgusa wa mbele kwa bampa asogee. Huko ni kumpiga kumbo. Kumbo si kumgonga. Kumbo humsukuma mtu akaendelea na safari yake, kugonga humtoa njiani. Wenzangu wengi huyatumia maneno haya kama ndugu, nami nawaomba myatenganishe, kwa kuwa hukumu ya wenzenu baada ya mbio itategemea lipi mmelitaja. Hapohapo Martinsville, Oktoba 2022, dereva Ross Chastain aliegemeza gari ukutani kwenye kona za mwisho, akakanyaga mafuta hadi chini na kuwapita watano. Alisema wazo hilo alilitoa kwenye mchezo wa video wa NASCAR aliocheza utotoni. NASCAR baadaye ikaipiga marufuku mbinu hiyo. Aliwapita. Hakuna hata mmoja aliyempisha.

Namalizia na neno ambalo hamkuliuliza lakini mtalihitaji. Tanzania, dereva anayejiingiza kwa nguvu mbele ya gari lingine tunasema amechomekea. Kwenye mbio linawafaa watu wawili: anayejipenyeza kwenye pengo lisilotosha gari, na aliyezunguka akasimama kwenye majani kisha akarudi njiani bila kusubiri. Huyu wa pili ndiye mwenye jukumu lote. Ashike breki, aangalie nyuma, na mwangalizi wake amwambie: "Subiri, waache wapite." Hapo msitumie mpishe wala mpite.