Wasomaji Wauliza: Sonata imehama ufunguo lini?

SWALI: Ninachambua sehemu ya kwanza ya sonata ya piano ya Mozart katika C meja, K. 545. Kodi (noti zinazolia pamoja) ya G kwenye mizani (kipimo cha muziki) ya 12 nimeihesabu kuwa mwanzo wa ufunguo mpya, yaani muziki umehamia skeli nyingine, mwenzangu anakataa. Pia, mkono wa kushoto ukivunjavunja kodi, nazitambuaje? Na dhamira (melodia kuu) ya kwanza ikirudi katika F, hayo ni marejeo kweli, yaani kurudiwa kwa sehemu ya mwanzo?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. G ya mizani ya 11 na 12 bado ni kodi ya tano (V) ya C. Muziki umetua nusu tu. Ufunguo hauhami kwa kodi moja, wala kwa F-shapu (noti ya ufunguo wa G) inayopita njiani. Subiri uthibitisho wa kadensi (kituo cha muziki) kamili, V ikitua kwenye I, kodi ya kwanza ya ufunguo. Hapa inafika mizani ya 26, baada ya trili ndefu (noti mbili zikipokezana haraka) ya mizani ya 25. Ndiyo maana tunasisitiza: kabla ya kuandika namba yoyote ya Kirumi, pitia karatasi nzima ya muziki kwa penseli ukitia alama kadensi peke yake. Anayeanza na kodi hujikuta na funguo chungu nzima ambazo Mozart hakuziandika.

Kwa mkono wa kushoto, kusanya noti za kila nusu mizani, uongeze na melodia. Mizani ya 2 inaanza na D-G-F-G, juu yake B. Mwenye haraka huona D chini akaandika ii, kodi ya pili. Zipange kwa kuruka noti moja moja: G-B-D-F. Ni V7 (V iliyoongezewa noti ya saba), mgeuzo wa pili, yaani D, noti yake ya tano, ndiyo iko chini. Mizani ya 3, C-A-F-A ni kodi ya F, lakini besi (noti ya chini) imebaki C. Inaipamba toniki (I) tu.

Marejeo ni ya kweli, japo kwa kawaida yangeanza katika C. Hesabu mizani: mwanzoni, dhamira ya kwanza na daraja lake (kipande kinachoiunganisha na dhamira ya pili) huchukua 12, kuanzia mizani ya 42 huchukua 16. Nne za ziada zimo kwenye skeli zinazokimbia, nazo ndizo zinazoutoa muziki F na kuurudisha kwenye kodi ileile ya G. Safari hii dhamira ya pili inafuata katika C, mizani ya 59. Cheza mizani ya 11 hadi 14, kisha 56 hadi 59: G ni ileile, ila mara ya kwanza inafuatwa na G meja, mara ya pili C.