Kashule Ketu ka Prepu Kalienda Wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilisoma kashule kadogo ka prepu hapo Kilimani, nikaingia darasa la kwanza 1983 nikamaliza la nane 1990, na darasa letu lote tulikuwa watoto 11. Juzi nimeshuka matatu ya 46 na kijana wangu nikitaka kumwonyesha, nikakuta gorofa, ata ule mjakaranda wa getini hakuna, soja ananiuliza natafuta nani. Kijana ananiangalia tu, halafu anasema mama, una uhakika ulienda shule? Hebu nisaidie, hizi shule zilitoka wapi, mbona ziliitwa prepu, na historia ya yetu nitaipata wapi?
– Mama Kijana, Donholm

JIBU: Marahaba Mama Kijana. Swali la huyo kijana limenichekesha halafu likaninyamazisha, juu mimi pia mwaka jana nilienda kutafuta yangu. Si niliyosoma, niliyofundisha.

Tuanze na jina. Ukimtajia mtu hapa kwetu prepu anafikiria ile ya usiku bwenini, mko kimya na monita anaandika wapiga kelele. Hii ni nyingine, ya Waingereza, mtoto wa miaka 8 mpaka 13 hivi anatayarishwa kwa mtihani wa Common Entrance ili aingie zile shule wao wanaziita za umma, na kumbe ndizo za mabwanyenye, karo yake ukiambiwa utaomba kiti. Walowezi walikuja huku na hiyo desturi yao. Kenton ilianza 1924 kule Kijabe kabla ya kuhamia Nairobi, Pembroke House ikafunguliwa Gilgil 1927, halafu St Andrew's ya Turi 1931, ambayo iliungua 1944 ikajengwa tena. Enzi hizo watoto walitengwa, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Kijana wa kizungu akimaliza prepu anaenda Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, ama Duke of York, leo Lenana, ama anapandishwa meli anarudishwa Uingereza. Uhuru ulipokuja, tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ikasema watoto wote wasome pamoja, na polepole viti vya prepu vikaanza kujazwa na watoto wa makarani wakubwa, madaktari, wafanyabiashara, yaani kina nyinyi.

Lakini hizo nilizotaja ni kubwa, zina uwanja na kanisa. Yenu na yangu zilikuwa nyumba ya mtu. Ya kwangu darasa la pili lilikuwa chumba cha kulia chakula na la tano lilikuwa gereji, na sakafuni kulikuwa na doa la oili ambalo watoto walikuwa wanaliruka wakiingia manake waliambiana ukilikanyaga unafeli. Mwenye shule alikuwa mama mmoja mzee, ofisi yake ni bafu, sinki iko hapo hapo, na pale pa kuweka sabuni yeye aliweka mkebe wa majani ya chai.

Mimi niliajiriwa Januari 1985 na sababu ni moja, 8-4-4, ule mfumo mpya wa elimu wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Mpaka hapo hizi shule zilifundisha Kifaransa, zingine ata Kilatini, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kuongea na mpishi. Sasa serikali inasema Kiswahili ni lazima na kitatahiniwa, na KCPE ya kwanza, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, ni mwaka huo huo! Mama alihaha kutafuta mwalimu, nikaletwa kupitia dereva wa shule, sijui ata kama barua yangu ya kazi aliisoma.

Shida ikawa kile kibao cha kumvalisha mtoto akiongea Kiswahili. Nafikiri ata kwenu kilikuwepo, wengine walikiita diski, wengine monto. Chetu kilikuwa cha mbao, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa uzi wa katani. Ukiteleza kidogo tu useme "nipe raba", unakivaa shingoni mpaka umnase mwingine, na atakayefikisha nacho jioni anang'oa magugu. Sasa mimi nafundisha lugha ambayo ukiitoa nje ya mlango ni kosa. Tukaelewana na Mama hivi, nikiingia kibao kinatundikwa kwa msumari kando ya ubao, dakika 40, kengele ikilia kinashuka. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita ambaye karibu kila siku anakuja nacho, anakitundika mwenyewe, anakaa. Siku moja kengele ikalia akiwa katikati ya sentensi, na nikamwona anaikimbiza imalizike, macho yako kwa mkono wangu unaoenda kwa msumari. Nilikishusha nikampa. Nilifanya hivyo miaka minne na sina la kujitetea.

Ziliisha vipi? Si kwa siku moja. 8-4-4 ilitaka karakana ya useremala na chumba cha sayansi ya nyumbani, na sisi gereji tayari ni darasa la tano. Watoto 11 kwa darasa karo yao inalipa walimu na mkaa wa jikoni basi. Halafu mwenye shule anazeeka, watoto wake wako ng'ambo, shamba liko Kilimani, dalali anagonga geti kila wiki... unajua mwenyewe kilichofuata.

Ya kutafuta sasa. Nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, lile jengo la zamani la benki, uulizie mafaili ya elimu ya Nairobi. Gazeti Rasmi la Serikali nalo, matoleo mengi ya zamani yako kwa intaneti, na usitafute jina la shule, tafuta jina la mwenye shule kwa matangazo ya mirathi, hapo utajua alifariki lini na nani aliomba kusimamia mali yake. Maktaba ya McMillan pia, ile ya simba wawili mlangoni, iliyofunguliwa 1931, wana magazeti ya kitambo, angalia matangazo ya mwisho wa mwaka wakati shule zinatafuta wanafunzi.

Lakini mimi yote hayo hayakunipa nusu ya nilichopata Kawangware. Mpishi wetu alishafariki ila mkewe yuko. Ndiye aliniambia kabla ya shule ile nyumba ilikuwa ya daktari wa meno, na kwamba doa la oili lilitoka kwa gari lake. Na kile kipande cha reli tulichokuwa tunagonga kama kengele anacho, ameegemeza mlango wa banda la kuku. Kwa hivyo ulizia mpishi wenu, dereva, mama wa usafi, wale walikaa kuliko walimu.

Kijana naye mtolee cheti chako cha KCPE. Jina la shule liko hapo. Kama kimepotea, anzia KNEC, lile baraza la mitihani.

SWALI: Mwalimu, hapa mtaani kuna shule ya binafsi bado inawavalisha watoto kibao wakiongea Kiswahili. Si hii ilikatazwa?
– Baba Zawadi, Umoja

JIBU: Viboko viliondolewa shuleni 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaenda mbele, inakataza adhabu ya kumdhalilisha mtoto, ya mwili ama ya akili, na kutembezwa na kibao shingoni sioni utaiita nini kingine. Alafu katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, kwa hivyo huyo mtoto anaadhibiwa kwa kuongea lugha rasmi ya nchi yake. Nenda umwone mwalimu mkuu kwanza kabla ya kwenda kwa afisa wa elimu, na ongea naye kwa Kiswahili, uone kama atakuvalisha.