Hiyo Tai Unamfungia Nani?

"Shangazi, nina miaka 39. Miezi miwili iliyopita niliacha uhasibu nilioufanya miaka 14 nikaingia kwenye useremala, kazi niliyoipenda tangu utotoni. Lakini kila asubuhi nikifunga tai, moyo unanienda mbio. Nikifika karakana nakaa nje hata nusu saa, funguo mkononi. Mke wangu ndiye anayenivunja moyo, kila siku maswali ya mshahara. Nipe mbinu ya kupata ujasiri kila siku."

Pole, mwanangu. Kuanza upya katika umri huo si mchezo.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye tai. Seremala hapigi randa na tai shingoni. Na mwanamke anayejua kwamba mumewe ameacha kazi haulizi mshahara uko wapi. Mkeo hajui! Hajakuvunja moyo hata kidogo. Anauliza kile ambacho yeyote anayeendesha nyumba angeuliza, ila kwako kinauma kwa sababu huna jibu lisilo la uongo. Mimi niko upande wake.

Hofu ya kazi mpya hupungua kadiri mtu anavyoizoea kazi. Yako haipungui kwa sababu kila asubuhi unaanza siku kwa kudanganya. Mficha uchi hazai.

Ni kweli, asubuhi mwili nao una mambo yake. Kotisoli, homoni inayomwandaa mtu kuikabili siku, hupanda katika dakika 30 hadi 45 za mwanzo baada ya kuamka, kwa hiyo usiyapime maisha yako ukiwa bado kitandani. Na hiyo nusu saa ya kukaa nje uiache. Kila unapokwepa mlango, moyo unazidi kuamini kwamba ndani kuna hatari. Ukifika, fungua, shika kitu kidogo: noa patasi, piga msasa ubao mmoja. Mikono ikishashughulika, moyo nao hutulia.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Watu wanalala kitanda kimoja, simu zina namba za siri, mifuko ina siri, mikopo ina siri, kisha mmoja analalamika kwamba haungwi mkono. Aungwe mkono kwenye lipi? Wanaume kwa wanawake, tumekuwa hivyo.

Leo usiku kaa naye. Mtajie tarehe uliyoacha kazi, akiba iliyobaki na itawafikisha miezi mingapi. Atakasirika, na ana haki, usimkatize. Akishatulia, pangeni matumizi pamoja. Miaka 14 umewapigia wengine mahesabu, sasa pigia nyumba yako. Kama akiba haifiki miezi mitatu, tafuta wateja wawili watatu uwatunzie vitabu vyao vya hesabu jioni mpaka karakana isimame. Hiyo si aibu, na haimaanishi umeshindwa.

Kesho asubuhi iache tai kabatini, utoke na nguo za kazi, yeye akikuona.