Kabla ya Kuulizia Kisima cha Mvuke, Pima Joto la Kiwanda Chako

Kazi yangu ni mitambo ya mvuke, hasa kwenye viwanda vya maziwa vya Bonde la Ufa. Mwenye kiwanda akisikia habari za jotoardhi, yaani joto linalotolewa chini ya ardhi, swali lake la kwanza huwa ni gharama ya kuchimba kisima. Mimi humwomba tuanze na vipimajoto.

Vifunge kwenye kila mashine inayotumia mvuke, uandike joto ambalo kazi yenyewe inataka. Kuua vijidudu kwenye maziwa kunahitaji nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu. Maji ya kuoshea vyombo hayafiki hata nyuzi 90. Lakini boila linateketeza kuni usiku na mchana kutoa mvuke wa nyuzi 160, kisha tunaupooza ndipo utufae. Miti inayoishia humo inaniuma sana, maana maji yanayotenganishwa na mvuke kwenye visima vya jotoardhi vya kuzalisha umeme huwa na zaidi ya nyuzi 100, na mengi hurudishwa ardhini bila kupasha chochote.

Jambo hili si geni kwetu. Kule Eburru, mvuke wa ardhini ulikausha pareto tangu enzi za walowezi. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilianza mwaka 2003 kupasha vitalu vyake usiku kwa kisima cha Olkaria, eneo la visima vya mvuke. Unyevu ulipungua, na kuvu wanaoshambulia waridi wakapungua pia. Menengai nako, GDC, shirika la serikali la kuendeleza jotoardhi, lilijenga mitambo ya mfano ya maziwa, kitalu, mabwawa ya samaki na kufulia nguo. Omba ruhusa ukaione, na uende na fundi wako, si mhasibu peke yake.

Kwenye kupooza ndiko wengi wanakoshangaa. Joto hilohilo linaweza kutoa baridi: mtambo wa ufyonzaji hutumia maji ya nyuzi 80 hadi 95 badala ya kompresa ya umeme. Ila kuwa makini. Mtambo wa ufyonzaji unaotumia chumvi ya lithiamu bromidi hutoa maji ya nyuzi 7 hivi. Maziwa yanataka 4. Kwa hiyo ama ununue wa amonia, ambao ni ghali na unataka mafundi waliofunzwa, ama uache kompresa ndogo imalizie nyuzi za mwisho. Mimi hupendekeza hii ya pili.

Maji ya kisima yasiguse mitambo yako. Yana silika, madini ya mawe yanayoganda yakipoa kupita kiasi, na gesi yenye harufu ya mayai viza inayokula shaba. Weka kibadilisha joto, kifaa kinachopitisha joto bila maji kuchanganyika, cha sahani za chuma kisichoshika kutu, cha aina inayofunguka ili kisuguliwe, na uandike kwenye mkataba maji yasipoe chini ya kiwango gani kabla ya kurudishwa ardhini.

Kama uko mbali na kisima, usijidanganye: bomba lenye vazi la kuhifadhi joto ni ghali kwa kila mita. Afadhali kupeleka kiwanda kipya kwenye mvuke.

Na boila la zamani usiliuze. Kituo cha umeme kikifunga kisima kwa matengenezo, wafugaji wataleta maziwa asubuhi ileile.